Kupanga Upya Safu za Jedwali

Mjini Kilifi, ambako taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na ile ya hisani ya Uingereza, Wellcome Trust, zimeshirikiana tangu mwaka 1989 katika utafiti wa maradhi, na ambako tangu mwaka 2000 huandikwa vizazi, vifo na uhamaji wa wakazi wanaoizunguka hospitali ya mji huo, jedwali ni hazina ya elimu. Lakini aghalabu safu zake za wima hazikai kwa tartibu aitakayo msomaji.

Mwenye kuzihamisha kwa mkono huhatarisha kuitenga habari na mwenyewe. Ilhali lugha za kompyuta kama R, au Python pamoja na maktaba ya pandas aliyoianza Wes McKinney mwaka 2008, humtaka mtu aorodheshe tu majina ya safu kwa mfuatano aupendao, na jedwali hujipanga hivyo, kila safu ikiandamana na yaliyomo, wala hapana tarakimu ibadilikayo.

Tena yafaa kuzitaja safu kwa majina, si kwa nambari za nafasi, maana nafasi hugeuka safu mpya iongezwapo. Na jina lililosahauliwa huiacha safu yake nje. Basi, ewe msomaji, zihesabu safu kabla ya amri ya kuzipanga na baada yake, na faili ya asili uihifadhi salama, kwani takwimu za watu ni amana.