Samaki mpole anapogeuka mkali: Hulka za siklidi wakubwa wa Ziwa Tanganyika

Kutoka maji ya Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, samaki wa mapambo husafirishwa wakiwa hai hadi katika matangi ya vioo ya sebuleni barani Ulaya, Asia na Amerika. Wakifika huko, hatari mojawapo kubwa inayowakabili si maradhi wala safari, bali jirani waliyepangiwa kuishi naye.

Samaki hao ni wa jamii ya siklidi, ukoo mmoja na sato na perege wanaojulikana vyema mezani Afrika Mashariki. Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufikia takriban mita 1,470, lina zaidi ya aina 200 za siklidi, na karibu zote hazipatikani kwingine kokote duniani. Wapo wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, na wapo wakubwa wanaozidi urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka kiwikoni hadi vidoleni.

Miongoni mwa wakubwa hao, anayependwa mno na wafugaji ni frontosa. Mtaalamu wa samaki George Albert Boulenger, aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London, ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1906. Jina hilo la Kilatini linahusu paji lake la uso, kwani samaki huyu anapokomaa huota nundu kichwani. Mwili wake ni mweupe au wa samawati, umezungukwa na milia mipana myeusi, na dume huweza kupita sentimita 30. Huogelea polepole na kwa utulivu, na ndiyo sababu wauzaji wengi humwita samaki mpole. Sifa hiyo ni ya kweli kwa nusu tu.

Upole wenye mdomo mpana

Ziwani, frontosa huishi kwa makundi karibu na miteremko ya mawe, aghalabu kwenye kina cha makumi ya mita ambako mwanga ni hafifu. Hana mbio za kumkimbiza windo mchana kweupe. Hungoja alfajiri, wakati samaki wadogo wembamba wa jenasi ya Cyprichromis wangali wamezubaa kwa giza, kisha huwasogelea taratibu na kuwameza.

Mfugaji asiyeujua mwenendo huo huwaweka frontosa na Cyprichromis katika tangi moja, kwa kuwa wote wametoka ziwa moja na wote huonekana watulivu. Kwa miezi kadhaa hakuna linalotokea, maana frontosa bado ni mchanga. Baadaye, kila asubuhi taa zinapowashwa, idadi ya wadogo huwa imepungua, bila vita kusikika wala mzoga kuonekana.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kwanza ambayo mfugaji hana budi kuielewa. Kula si ugomvi. Siklidi mkubwa anayemmeza mwenzake hajakasirika. Ameona chakula kinachoenea mdomoni mwake. Kwa hiyo ukubwa wa jirani hupimwa kwa mdomo wa frontosa atakapokuwa amekomaa, si kwa umbo lake la siku ya kununuliwa.

Ugomvi wa madume

Ukali wenyewe una sababu nyingine, nayo ni kugombea mahali pa kuzalia. Siklidi wengi humwona adui mkubwa kuwa yule anayefanana naye: wa aina yake, wa jinsi yake, au mwenye rangi na milia kama yake. Samaki wa umbo tofauti kabisa huweza kupita mbele ya pango la dume bila kusumbuliwa, ilhali dume mwenzake hufukuzwa papo hapo.

Ziwani ugomvi wa namna hiyo huisha upesi, kwa kuwa anayeshindwa huogelea mita kadhaa na kutoka nje ya mipaka ya mshindi. Tangini hakuna mahali pa kwenda. Mshindi humwona mshindwa kila anapogeuka, na kwake kuonekana huko ni uchokozi usiokoma. Samaki yule yule aliyeitwa mpole dukani humwandama mwenzake siku nzima mpaka mapezi yachanike.

Dalili hujitokeza mapema kwa anayetazama. Anayeonewa hujibanza kwenye pembe ya juu ya tangi au nyuma ya bomba la chujio, rangi yake hufifia au kuwa nyeusi isivyo kawaida, na huacha kula. Akiachwa katika hali hiyo, mara nyingi hufa kwa njaa na hofu kabla ya kufa kwa majeraha.

Ndiyo maana wafugaji wazoefu humweka dume mmoja pamoja na majike wanne au zaidi, ili bughudha yake isimwelemee jike mmoja. Kwa kundi kama hilo tangi la takriban lita 500 huhesabiwa kuwa ndogo kuliko zote zinazofaa, na urefu wa tangi huwa na maana kuliko kimo chake, kwani kinachohitajika ni masafa ya kukimbilia. Kwa kuwa ni vigumu kutambua jinsi ya vifaranga, wengi hununua kundi la wachanga, huwalea pamoja, kisha huwahamisha madume ya ziada yanapojitokeza. Samaki waliokua pamoja hupangana vyeo wakiwa bado hawana nguvu za kuumizana.

Mgeni anapolazimika kuingizwa katika tangi lenye wenyeji, mawe hupangwa upya kwanza. Mipaka ya zamani ikivunjwa, wenyeji nao huwa wageni kwa siku chache, na mgeni hupata nafasi ya kutafuta pake.

Majike nao wana haki ya faragha. Frontosa jike hubeba mayai mdomoni, na huendelea kuwabeba watoto kwa wiki nne au zaidi huku akila kidogo sana au asile kabisa. Jike aliye katika hali hiyo akikosa pango la kujificha, huweza kutema au kumeza mayai kwa sababu ya kusumbuliwa.

Ziwa moja, maisha tofauti

Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kudhani kwamba samaki waliotoka ziwa moja wanapatana. Mfano mzuri ni Tropheus, siklidi wa ukubwa wa kiganja anayekwangua mwani juu ya mawe karibu na ufuko. Utumbo wake ni mrefu, umeumbwa kwa chakula cha mimea. Frontosa huhitaji nyama ya samaki na kamba. Tropheus akila chakula cha frontosa, huweza kupata maradhi ya kuvimba tumbo yanayoua kundi zima. Isitoshe, Tropheus hana utulivu: hukimbizana kutwa, jambo linalomfadhaisha frontosa aliyezoea ukimya wa kilindini.

Wanaofaa zaidi ni samaki wa mwendo wa taratibu wasioenea mdomoni. Altolamprologus, siklidi mwembamba wa ubavu mwenye magamba magumu, huishi katika nyufa za mawe na hagombanii nafasi ya wazi. Ngogo wakubwa wa jenasi ya Synodontis huvumiliana nao pia. Hata hivyo, ngogo mmoja wa Tanganyika mwenye madoadoa, Synodontis multipunctatus, ana hila kama ya ndege kekeo: hupenyeza mayai yake kati ya mayai ya siklidi wanaoatamia mdomoni. Vifaranga vyake huanguliwa mapema na kuwala watoto wa mwenye mdomo. Anayetaka kuzalisha siklidi hao ana sababu ya kumwepuka ngogo huyo.

Oska, siklidi mkubwa wa bonde la Amazon, huuzwa katika maduka yale yale, na kwa umbo anaonekana kuwa saizi ya frontosa. Lakini maji ya Tanganyika yana madini mengi na kipimo chake cha pH hukaribia 9, wakati oska ametoka katika maji laini yenye asidi. Oska pia hula kwa pupa na kumaliza chakula kabla frontosa hajakisogelea. Hata pasipo pigano, mmoja wao atadhoofika.

Wapo pia wasiostahili tangi la nyumbani hata kidogo. Kuhe, anayeitwa nkupi upande wa Zambia, ndiye siklidi mkubwa kuliko wote Afrika na huweza kupita sentimita 60. Ni mwindaji wa maji ya wazi, na wazazi wakiwa na watoto huwalinda kwa ukali dhidi ya kila kinachosogea. Pahali pake ni ziwani, na kwa wakazi wa pwani zake, sokoni.

Kigoma, Moba na Chaitika

Biashara ya siklidi wa Tanganyika ilipanuka hasa katika miaka ya 1970, pale Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akisafirisha samaki hai kutoka Bujumbura. Tangu hapo, wafugaji wa mbali wamejifunza majina ya sehemu ambazo hawajawahi kuzitembelea. Frontosa wa Kigoma, Tanzania, hutambuliwa kwa milia saba badala ya sita. Wa Moba, nchini Kongo, husifiwa kwa samawati yake, na wa Chaitika ni wa pwani ya Zambia. Mwaka 2003 wanasayansi waliwatenga wale wa nusu ya kusini ya ziwa kuwa spishi yao wenyewe, Cyphotilapia gibberosa.

Kuwachanganya katika tangi moja hakuleti vita, na hapo ndipo penye mtego. Wanaelewana kiasi cha kuzaana, na watoto wao huwa chotara wasio na asili inayojulikana. Wakiuzwa kwa jina la Kigoma au Moba, ukoo uliojitenga kwa vizazi visivyohesabika hupotea mikononi mwa wafugaji.

Gharama ya chaguo baya

Frontosa wa porini hapatikani kwa urahisi. Wapiga mbizi humfuata kilindini, na hawawezi kumpandisha kwa mara moja, kwani kibofu chake cha hewa hutanuka na kumuua. Hupandishwa kwa hatua, akipumzishwa kwenye vizimba katika vina tofauti. Ni samaki anayekua polepole, anayechukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na anayeweza kuishi zaidi ya miaka 15 akitunzwa vizuri. Kila anayekufa kwa kupangiwa jirani asiyefaa huacha pengo ambalo huzibwa kwa kumvua mwingine.

Wengine, wanaposhindwa na ukali wa samaki wao, huwatupa mtoni au bwawani. Nchini Panama, siklidi wawindaji wa Amerika Kusini waliotoroka bwawa la kufugia mwishoni mwa miaka ya 1960 waliingia katika Ziwa Gatun na kuangamiza samaki wengi wa asili. Katika jimbo la Florida, Marekani, oska ni mwenyeji wa mifereji hadi leo.

Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulisimamia Ziwa Tanganyika kwa pamoja mwaka 2003 mjini Dar es Salaam, na mamlaka ya ziwa hilo ina makao yake Bujumbura. Mkataba huo hauwezi kufika sebuleni kwa mnunuzi wa ng'ambo. Huko, hatima ya samaki hutegemea maswali machache yanayopaswa kuulizwa kabla ya kulipa: atakuwa na ukubwa gani, anakula nini, maji yake ni ya namna gani, madume ni wangapi, na anayeshindwa atakimbilia wapi.