Nabhany: Mhafidhina aliyetupa 'runinga'

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili neno 'runinga' lilitoka wapi. Huenda akakwambia ni Kiswahili tu, eti limekuwepo tangu jadi. Jibu hilo lingemfurahisha sana marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, kwa sababu ndiye aliyeliunda. Alichukua 'rununu', yaani habari za kuvumavuma, akaiunganisha na 'maninga', neno kongwe la macho. Neno likaingia vinywani mwa Wakenya bila kubisha hodi.

Nabhany alizaliwa Matondoni, Lamu, mwaka 1927 na kufariki 2017. Wengi humkumbuka kama malenga. Mimi ningependa leo tumkumbuke kama mhafidhina, na silitumii neno hilo kwa kejeli. Siku hizi ukimwita mtu mhafidhina ni kama umemtukana. Huonekana mtu wa kukataa kila kipya. Nabhany hakukataa vipya. Alichokataa ni vipya kuingia nyumbani na majina yao ya kigeni kabla hatujatazama ghalani mwetu.

Utaratibu wake ulikuwa huu: tafuta jina kwanza katika lahaja za Kiswahili zenyewe, kuanzia Kiamu, Kipate na Kimvita. Ukikosa, nenda kwa lugha jirani za Kibantu. Kiarabu kingefuata baadaye, na Kiingereza kilikuwa kimbilio la mwisho kabisa. Hata 'historia' halikumtosha; yeye alisema 'mapisi'.

Msimamo huu una chimbuko. Mwaka 1928, Nabhany akiwa mtoto mchanga, mkutano uliofanyika Mombasa ulikiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lahaja za kaskazini, zilizokuwa zimebeba tenzi kwa karne kadhaa, zikasukumwa pembeni. Hadi leo wapo walimu wanaosahihisha Kiamu kwa kalamu nyekundu kana kwamba ni makosa ya tahajia. Nabhany alilelewa ndani ya urithi huo. Nyanya yake, Amina Abubakar Sheikh, alikuwa malenga.

Tazama sasa vitabu vyake viwili, Sambo ya Kiwandeo (1979), unaohusu chombo cha baharini cha Lamu, na Umbuji wa Mnazi (1985). Kwa sura ni mashairi, lakini kwa kazi ni maghala ya msamiati. Kidaka, kitale (si ule mji wa Trans Nzoia), dafu, koroma, nazi: tunda ni moja, ila kila umri wake una jina. Mkulima na mpishi wa pwani hawawezi kuyachanganya, kwa maana huwezi kukuna dafu. Vivyo hivyo na chombo. Mkuku, foromali, dasturi ni maneno yanayoishi mikononi mwa fundi. Fundi akifa bila mwanagenzi, humfuata kaburini. Nabhany alijua kwamba orodha kavu husahaulika upesi, ilhali ubeti wenye vina hukaa kichwani hata kwa asiyejua kusoma.

Je, alikuwa sahihi katika yote? Sidhani. Kiswahili kina mamilioni ya wasemaji ambao hawajawahi kuiona Lamu, na neno la Kiamu kwa mtu wa Kakamega linaweza kuwa geni kuliko la Kiingereza. Jirani zetu Watanzania wengi wangali wanasema 'televisheni' na hakuna kilichoharibika. Isitoshe, Kiamu chenyewe kimejaa Kiarabu. Usafi kamili wa lugha haupo. Neno huamuliwa na midomo ya watu, wala halihitaji ruhusa ya mtaalamu. 'Runinga' lilipita mtihani huo. Yapo mengine mengi ya wahifadhi wa lugha yaliyobaki kwenye karatasi.

Ila hoja yake ya msingi haijajibiwa. Kila mwaka simu na mitandao hutuletea dhana mpya, nasi huongeza irabu mwishoni mwa neno la Kiingereza tukajiona tumemaliza kazi. Ni mara ngapi tunamwuliza mvuvi, msusi wa mikeka au seremala iwapo ana neno tayari? Huko Matondoni mafundi bado wanaunda majahazi. Sijui ni idara gani ya Kiswahili iliyomtuma mwanafunzi wake mwaka huu akakae nao na daftari.