Mama aliyegeuza banda la kuku kuwa studio

Je, msomaji, ni mara ngapi umesikia mtu akisema kwamba wakati wake wa kujifunza mambo mapya umepita? Basi msikilizishe habari za Julia Margaret Cameron.

Mama huyu alizaliwa Calcutta, India, mwaka 1815. Mnamo Desemba 1863 bintiye na mkwewe walimpa kamera, wakati huo akiishi Freshwater katika kisiwa cha Wight, Uingereza. Alikuwa na miaka 48 na alikuwa amezaa watoto sita, mbali na wengine aliowalea. Bwanake alikuwa safarini Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka siku hizi, walikokuwa na mashamba ya kahawa. Watoto walidhani kamera hiyo ingemwondolea upweke kidogo tu.

Usidhani ilikuwa kazi ya kubonyeza kidude kama ufanyavyo kwa simu yako. Filamu haikuwapo. Ulichukua kioo, ukakimiminia dawa ya kunata iitwayo kolodioni, ukakitumbukiza katika maji yenye dawa ya fedha, kisha ukakitia ndani ya kamera kingali kibichi. Ukishapiga picha, mbio hadi chumba cha giza kukiosha. Kikikauka kabla ya hapo, kazi yote ni bure! Na dawa hizo ziliacha madoa meusi mikononi, nyingine zikiwa sumu kali kama sianidi.

Mwenyewe alisimulia kwamba alianza bila kujua lolote. Alimwita mkulima mmoja wa kijijini, akamlipa shilingi mbili na nusu za Kiingereza kwa kila saa ili akae atulie. Picha ilipotoka, akapitisha mkono juu ya kioo upande usiofaa na kuifuta yote. Wengi wetu tungeirudisha kamera sandukuni. Yeye alifungulia kuku wake, akaligeuza banda lao la vioo kuwa studio, na stoo ya makaa ikawa chumba cha giza.

Mnamo Januari 1864 alimpiga picha msichana mdogo aitwaye Annie Philpot, ikatoka vyema. Furaha iliyompata! Alikimbia nyumba nzima akitafuta zawadi za kumpa mtoto huyo, kana kwamba Annie ndiye aliyeitengeneza picha. Siku hiyo hiyo akaichapa, akaitia fremu na kumpa babake mtoto.

Kuanzia hapo nyumba haikutulia. Alizoea kuingia mbio chumba cha kulia akimwonyesha bwanake kila kioo kipya, maji ya dawa yakidondoka juu ya vitambaa vya meza na kuacha madoa yasiyotoka. Mzee huyo, aliyemzidi mkewe kwa miaka 20, alizipokea picha hizo kwa shangwe. Nadhani bila yeye tusingekuwa na habari ya kusimulia leo. Wangapi wameacha sanaa kwa sababu ya kelele za nyumbani?

Walioketi mbele ya kamera yake ndio waliopata taabu. Ilibidi mtu akae kimya dakika 3 hadi 7 bila kutikisika. Hakuna aliyesazwa: jirani yake mshairi Tennyson, mwanasayansi Charles Darwin alipokuja likizo mwaka 1868, hata mtumishi wake wa nyumbani, Mary Hillier, ambaye alimfanya Bikira Maria mara nyingi. Yasemekana mtaalamu wa nyota John Herschel aliambiwa aoshe kwanza nywele zake nyeupe ili zitimke.

Wakosoaji hawakumhurumia. Picha zake zilikuwa na ukungu, nyingine na alama za vidole, na majarida ya wapigapicha yakamwona mtu wa ovyo. Yeye alijibu kwamba alipokuwa akizungusha lenzi na kukuta sura inapendeza, alisimama hapo hapo. Hebu jaribu njia yake jioni moja: mkalishe nyanya yako kando ya dirisha, zima taa, sogea karibu mpaka uso ujaze picha, kisha utazame utakachopata.

Jumba la makumbusho la South Kensington, ambalo leo ni Victoria and Albert, lilinunua picha zake mwaka 1865, na miaka mitatu baadaye likampa vyumba viwili vya kufanyia kazi. Hata hivyo, mapato ya kahawa yalikuwa yakididimia, na picha hazikutosha kuziba pengo. Mwaka 1875 familia ilihamia Ceylon, ambako alipiga picha chache tu, nyingi za wenyeji wa huko, hadi alipofariki mwaka 1879.

Mnamo 1926 mwandishi Virginia Woolf, mjukuu wa dadake, alishirikiana na Roger Fry kuchapisha kitabu cha picha hizo. Miongoni mwa nyuso alizozipiga mara nyingi ni ya Julia Jackson, mamake Woolf.