Kasha la Kale Lipewe Kazi

Ukitaka kujua kama mtu anaifahamu samani ya kale au anaipenda kwa macho tu, mwulize ndani ya kasha lake mna nini. Katika nyumba nyingi za mjini siku hizi kasha la Kizanzibari linakaa sebuleni tupu, juu yake maua ya plastiki, huku mashuka na mablanketi yakirundikwa kwenye mifuko juu ya kabati. Kasha hilo lilitengenezwa libebe nguo, vito, hati na fedha. Lilisafiri jahazini, likafuatana na bibi harusi kwenda kwa mumewe. Kuliacha bila kazi ni kulitumia nusu.

Nyumba iliyopambwa kwa vitu vya kale na vya mtumba hupendeza pale kila kitu kinapokuwa na shughuli yake. Swali la shughuli hiyo ndilo linaloamua ununue nini, ukikarabati kiasi gani na ukiweke wapi.

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walilijua hilo. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo zina urefu wake. Ndiyo maana vyumba vikawa virefu na vyembamba, mara nyingi upana usiozidi mita 3. Chumba cha namna hiyo hakina nafasi ya kitu cha kuzubaa. Sahani na mabakuli ya kigeni yaliwekwa kwenye zidaka, zile safu za vishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa ukutani. Kiti cha enzi, cha mpingo, chenye kusukwa kwa uzi na kutiwa njumu za pembe au mfupa, kilikaliwa na mgeni wa heshima. Sehemu kubwa ya ukuta iliachwa nyeupe, na weupe huo ndio ulioipa nakshi nafasi ya kuonekana. Anayetaka kuona viti vya enzi kabla ya kununua chochote aende Makumbusho ya Lamu au Fort Jesus, Mombasa. Jicho lililokwisha kuona kazi halisi halidanganywi kirahisi dukani.

Yaliyoko sokoni

Makasha mengi yanayoitwa ya Kizanzibari hayakutengenezwa Zanzibar. Yalitoka Bara Hindi, yakaletwa na majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi. Sheila Unwin, aliyeyachunguza kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu juu ya makasha hayo mwaka 2006, anayagawa kwa mitindo, na wafanyabiashara nao huyaita la Surat, la Bombay au la Shirazi. Majina hayo yaonyesha mtindo wa nakshi na shaba. Hayathibitishi kasha lilitoka karakana ya mji gani. Muuzaji akikwambia "hili ni la Shirazi" ili apandishe bei, jina lisikuzuie kukagua mbao. Fungua kifuniko utazame upande wa ndani: makasha mengi yana kisanduku kidogo chenye kifuniko chake, na chini ya kisanduku hicho huenda kukawa na vidroo vya siri. Kwa nyumba ya leo hapo ni mahali pazuri pa pasipoti na vyeti.

Samadari ni habari nyingine. Kitanda hiki kirefu kwenda juu, chenye matendegu yaliyokerezwa na mara nyingine vioo vilivyopakwa rangi upande wa kichwani, kina sura inayoweza kubeba chumba kizima. Tatizo lake ni vipimo. Godoro la dukani hukatwa tano kwa sita au sita kwa sita, na samadari haikutengenezwa kwa kufuata hesabu hiyo. Pima kati ya mfumbati na mfumbati, kisha uagize godoro la kukatwa. Pima pia mlango wako na ngazi zako. Uliza kama kitanda kinafunguliwa vipande, na kifunguliwe mbele yako, maana maungio yaliyopigwa misumari baadaye hayafunguki bila kupasuka.

Hazina isiyotajwa sana ni mtumba wa kawaida: viti vya ofisi vya mninga, meza za walimu za mvule, makabati ya msaji, vitu vinavyouzwa ofisi zinapobadilisha samani au familia zinapohama. Mbao zake ni nene kuliko zinazotumika katika samani nyingi mpya za bei hiyo hiyo. Mwenye kipato cha kawaida aanzie hapo. Kiti cha mninga kilichokaliwa miaka 40 kimekwisha kufanyiwa majaribio yote ambayo kiti kinaweza kufanyiwa.

Pindua kabla ya kulipa

Sehemu ya mbele ya samani imetengenezwa kukuvutia. Ukweli uko chini na nyuma. Pindua kiti, vuta droo yote nje, piga magoti uangalie chini ya meza. Tafuta mambo manne.

La kwanza ni maungio. Fundi mzuri wa zamani alichonga ulimi akauchomeka tunduni, akaukaza kwa kijiti cha mbao. Shika kiti kwa mgongo ukiyumbishe. Kikiyumba kwa sababu gundi imekufa, ni kazi ndogo ya fundi. Kikiyumba kwa sababu ulimi umevunjika, hesabu gharama upya.

La pili ni vyuma. Skrubu zenye msalaba kichwani zilianza kuenea kutoka Marekani katika miaka ya 1930. Ukizikuta kwenye bawaba za kasha linalodaiwa kuwa na miaka 200, basi ama bawaba zimebadilishwa ama kasha ni jipya. Usikate shauri kwa skrubu moja. Tazama kama kivuli cha bawaba ya awali kimebaki kwenye mbao.

La tatu ni mbao kusinyaa. Mbao hupungua upana kuliko urefu. Kwa hiyo meza ya duara ya zamani, ukiipima kwa utepe pande mbili, mara nyingi utakuta haiko duara kamili tena. Meza ya kale isiyopungua hata kidogo inastahili maswali zaidi. Rangi ya uzee hupakwa kwa siku moja kwa chai au polishi ya viatu. Huku kusinyaa hakupakwi.

La nne ni wadudu. Matundu madogo ya duara peke yake si habari mbaya, huenda wadudu waliondoka zamani. Gonga mbao kwa kifundo cha kidole juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga mpya mweupe unamwagika, na ndani ya matundu kuna rangi mbichi, bado wamo, nao watahamia kwenye milango yako. Kwa viti vya kitambaa kagua mishono na chini ya sponji: kunguni hawana haja ya mwaliko wa pili.

Acha umri wake ubaki

Kosa linaloharibu samani nyingi kuliko mchwa ni msasa. Fundi wa mtaani akiletewa kasha, huanza kwa kulikwangua hadi mbao mpya, kisha hulimwagia vanishi inayong'aa. Likirudi linafanana na lililotengenezwa wiki iliyopita, na thamani yake imebaki sakafuni pamoja na vumbi. Weusi ule wa kushikwashikwa karibu na tumbuu, kingo zilizolainika, rangi iliyoiva kwa jua na mafuta ya mikono, ndiyo mambo yasiyotengenezeka.

Anza na kidogo. Ondoa vumbi kwa brashi laini, pitisha kitambaa kilichokamuliwa sana, acha likauke, kisha paka nta ya nyuki kiasi na ung'arishe. Jaribu kila dawa mahali pasipoonekana. Ukigusa kwa pamba yenye spiriti na uso ukalainika, umepakwa shelaki. Hiyo hurekebishwa juu kwa juu bila kukwanguliwa. Shaba usiisugue kwa mchanga: misumari ya kasha ni myembamba, na nakshi ya mabati yake hufutika. Rangi za zamani kwenye milango na madirisha huenda zina madini ya risasi, hivyo usizipige msasa mkavu nyumbani kwenye watoto.

Kanuni ya mahali pa kukomea ni ile ya kazi. Droo isiyofunguka ifunguliwe, mguu uliolegea ukazwe, kiti cha henzirani kilichotoboka kisukwe upya. Doa lisilomzuia mtu kukitumia kitu liachwe.

Mahali pake

Mbao huishi na hewa. Kasha lililozoea unyevu wa Unguja likipelekwa Nairobi au Dodoma, au likiwekwa chini ya kiyoyozi kinachofanya kazi mchana kutwa, hukauka, nyufa hufunguka na njumu hudondoka. Lipe kipindi cha kuzoea mbali na jua na kiyoyozi, wala usikimbilie kuziba nyufa msimu wa kwanza. Mvua zikija zinaweza kujifunga zenyewe. Pwani hatari ni kinyume chake. Acha upana wa kiganja kati ya samani na ukuta, na uinue miguu kutoka kwenye saruji kwa vipande vyembamba vya mbao, ili unyevu na mchwa visipate daraja.

Kwa mpangilio, chumba kimoja kinatosheka na kitu kimoja kikubwa cha kale. Samadari ikiwa chumbani, vingine viwe vya kawaida na vya mistari iliyonyooka. Kiti cha enzi kisiwekwe mbele ya runinga: mgongo wake ni wima na hakuna atakayekikalia hadi mwisho wa mechi. Kiweke ukumbini karibu na mlango, mtu akae akifunga viatu. Sahani za kale zipate kishubaka au rafu yao. Mabakuli ya Maastricht, yaliyoingia Afrika Mashariki kutoka Uholanzi, yana mhuri chini na huonekana vizuri yakiwa matano pamoja kuliko yakitawanywa moja moja. Yenye mipasuko usiyaandalie chakula.

Sheria nayo ni sehemu ya bei

Si kila kilicho dukani ni halali kuuzwa. Kenya, chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 ni cha kale kisheria, na mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1946 unalindwa. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kabla ya 1863, na milango ya nakshi ya kabla ya 1940. Zanzibar ina sheria yake. Kuvitoa nchini kunahitaji kibali, na pembe za ndovu zimezuiwa katika biashara ya kimataifa tangu uamuzi wa mwaka 1989. Kiti kikiwa na njumu nyeupe, ulizia ni mfupa au pembe kabla ya kukifunga kwa safari. Zaidi ya sheria kuna mji wenyewe: mlango ulioondolewa ukutani Lamu ukafanywa meza ya kahawa umeacha tundu katika mtaa wa urithi wa dunia. Ukitaka nakshi, mwagize fundi wa Lamu akuchongee. Kazi mpya ya fundi aliye hai ni ununuzi wa heshima kuliko mlango usiojulikana umetoka nyumba gani.

Ukishanunua, andika karatasi: umekinunua wapi na mwaka gani, muuzaji alieleza nini, fundi alibadilisha nini. Piga picha kabla na baada ya matengenezo. Karatasi iweke ndani ya droo au kwenye bahasha pamoja na risiti. Bila karatasi hiyo, siku ya kuuza au kurithisha, maneno yako hayatakuwa na uzito kuliko ya muuzaji aliyekwambia kasha lake ni la Shirazi.