«Ulimwengu wa Tatu» maana yake nini?

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: «Sisi ni wa Ulimwengu wa Tatu», nao wanasema hivi kwa haya, kama mwanafunzi aliyekuwa wa tatu katika darasa la watoto watatu. Basi tueleze asili ya jina hilo.

Alilitunga Mfransa Alfred Sauvy, mtaalamu wa hesabu ya watu, katika gazeti L'Observateur la tarehe 14 Agosti 1952. Wakati ule Marekani na rafiki zake walikuwa upande mmoja, Urusi na rafiki zake upande wa pili; inchi zingine hazikuangaliwa. Sauvy hakuziita «troisième», neno la kuhesabu tu. Alisema «tiers», akikumbuka «Tiers État» ya Ufaransa ya zamani. Mbele ya mapinduzi ya 1789, Wafransa waligawanyika mafungu matatu: wakleri (ndiyo, sisi tulikuwa fungu la kwanza!), watu wa ukoo mkubwa, kisha wote waliobaki: wakulima, mafundi, wafanya-biashara. Hao waliobaki walikuwa karibu taifa zima. Walibeba mzigo wa kodi, lakini sauti yao haikusikilizwa. Kumbe kiswahili chetu, kwa kusema «wa tatu», kimepoteza maana hiyo, kikaleta haya mahali pa madai.

Umoja wa Sovieti ulivunjika mwaka 1991, na hesabu ile ya pande mbili ikakwisha. Siku hizi wengi wanapenda kusema «inchi za Kusini», au «inchi zinazoendelea». Jina hili la mwisho halitupendezi sana, maana inchi huitwa hivyo hata wakati inaporudi nyuma.