Hataza ya Daguerre Nchini Uingereza

Tarehe 19 Agosti 1839, mwanasayansi François Arago alisimama mbele ya Akademia ya Sayansi mjini Paris, akaianika siri iliyosubiriwa kwa miezi kadhaa: namna Louis Daguerre alivyoweza kuinasa taswira kwa nguvu ya mwanga. Bamba la shaba lililopakwa fedha hung'arishwa, likafukizwa mvuke wa iodini mithili ya nguo inayofukizwa udi, kisha likaingizwa ndani ya kamera. Likitolewa hufukizwa tena, safari hii kwa mvuke wa zebaki, hadi picha ikajitokeza. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imeinunua siri hiyo kwa pensheni ya faranga 6,000 kwa mwaka kwa Daguerre, na 4,000 kwa Isidore Niépce, mwana wa marehemu mshirika wake. Ikasemwa kuwa ni zawadi kwa ulimwengu mzima.

Ulimwengu mzima, ila Uingereza. Siku tano kabla ya mkutano huo, wakala aitwaye Miles Berry alikuwa amekwisha kumpatia Daguerre hataza mjini London. Hataza ni haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi kwa muda maalumu, na kwa Waingereza wa enzi hiyo muda huo ulikuwa miaka 14. Mfaransa au Mmarekani aliweza kufungua studio bila kumwomba mtu ruhusa, ilhali mwenzake wa London alihitaji leseni.

Je, Daguerre alikuwa mlaghai? Si lazima. Waliomlipa ni Wafaransa; hazina ya Uingereza haikutoa hata peni. Hata hivyo, maneno "ulimwengu mzima" yanapwaya.

Athari zake zilionekana upesi. Antoine Claudet, Mfaransa aliyeuza vioo mjini London, alijinunulia leseni kwa Daguerre mwenyewe. Richard Beard, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, alifungua studio katika Taasisi ya Royal Polytechnic mnamo Machi 1841, na mwaka huohuo akainunua hataza yenyewe. Kuanzia hapo aliwauzia leseni wapiga picha wa miji mingine, na asiyenunua alimburuta mahakamani. Alimshtaki hata Claudet, akashindwa, kwa kuwa leseni ya Claudet ilitangulia ununuzi wake. Mawakili walikula faida. Kufikia mwaka 1850 Beard alikuwa amefilisika.

Ajabu ni kwamba hataza hiyo haikuvuka mpaka wa kaskazini: Uskoti ilikuwa na sheria zake. Mbinu ya karatasi ya William Henry Fox Talbot, aliyoilinda Uingereza kwa hataza ya mwaka 1841, nayo haikusajiliwa huko. Hivyo David Octavius Hill na Robert Adamson wa Edinburgh waliitumia tangu 1843, wakawapiga picha wavuvi wa kijiji cha Newhaven pasipo kumlipa yeyote ada ya leseni.