Usidanganywe na neno ‘rahisi’ kwenye paterni ya krosheti

Mteja amekutumia picha ya sweta kwenye WhatsApp, ameuliza bei na yuko tayari kulipa nusu leo. Umepata paterni mtandaoni, na juu yake imeandikwa “rahisi”. Sawa. Lakini kabla hujakimbia dukani kununua uzi, jiulize: rahisi kwa nani?

Huko Marekani, shirika la Craft Yarn Council lina viwango vinne: cha msingi, rahisi, cha kati na changamano. Ni mwongozo mzuri, ila mara nyingi anayeuza paterni ndiye anayejipangia kiwango. Kilicho rahisi kwa aliyefuma miaka mingi huenda kikakutoa jasho.

Usipime kwa macho pia. Blanketi la vipande vya mraba vya rangi nyingi linatisha, kumbe ni minyororo na mshono mmoja mrefu unaorudiwa tatu tatu. Kidoli kinachotoshea kiganjani nacho kinaonekana mchezo tu. Mshono wake ni mmoja, lakini unafuma kwa kuzunguka, huku ukiongeza hapa na kupunguza pale. Ukipoteza hesabu, kichwa kinaenda upande.

Basi soma paterni yote hadi mwisho, ukiangalia mambo manne.

Kwanza, lugha. Alama “dc” ya Uingereza ni mshono mfupi, ule Wamarekani huuandika “sc”. “Dc” ya Marekani ni ndefu karibu mara mbili. Ukichanganya hizo mbili, sweta ya mtoto itamtosha babake.

Pili, vipimo. Tuseme paterni inataka mishono 16 kwa kila sentimita 10. Kipande cha mishono 96 kitakuwa na upana wa sentimita 60. Mkono wako ukilegea upate 15, kitafika 64. Jumlisha mbele na nyuma, sweta imezidi kwa sentimita 8. Skafu inaweza kuvumilia hilo, sweta haiwezi.

Tatu, umbo. Hesabu vipande vya kuunganisha, na mahali pa kupunguza mishono kwapani na shingoni. Paterni nzuri hukutajia idadi ya mishono kila mwisho wa mstari. Isipokutajia, jua kazi ya kuhesabu ni yako.

Nne, uzi. Uzi mweusi au wenye manyoya huficha mishono, hata ile unayoijua kwa kichwa. Kama unajifunza, chukua wa rangi nyepesi, usio na manyoya.

Halafu fuma kipande cha majaribio chenye sentimita zaidi ya 10 kila upande, ukitumia uzi na sindano ile ile. Pima, hesabu, angalia saa umetumia muda gani. Hapo ndipo umjibu mteja bei na siku ya kuchukua sweta yake. Na ukiona imekushinda, mwambie mapema, kabla pesa zake hazijageuka uzi.